Takwimu za Modemu Zisizoonekana Kwenye Faili

SWALI: Nina programu ndogo inayosoma takwimu za modemu yangu, yaani nguvu ya mawimbi na idadi ya makosa, na kuziandika kwenye faili kila baada ya dakika 15. Nikiiendesha mwenyewe inafanya kazi, lakini ikiendeshwa na Task Scheduler, yaani kipangaji cha Windows kinachoendesha kazi kwa ratiba, faili haiongezeki hata mstari mmoja, ingawa matokeo yanaonyesha 0x0. Kosa liko wapi?

JIBU: Namba 0x0 humaanisha kwamba programu imemaliza bila kuripoti hitilafu, kwa hiyo chanzo ninachokishuku kwanza ni folda. Kazi isiyoelezwa ianzie wapi huanzia C:\Windows\System32, na programu iliyopewa jina tupu kama modemu.csv hujaribu kuandika humo humo: ikiwa na ruhusa za msimamizi, faili itajificha huko, na isipokuwa nazo itakataliwa, jambo ambalo programu ndogo nyingi, kwa bahati mbaya, hulimeza kimya kimya. Fungua sifa za kazi hiyo, ujaze njia kamili ya folda yako, yaani anwani yake nzima kuanzia herufi ya diski, katika nafasi ya mahali pa kuanzia (Start in), bila alama za kunukuu, kwani zikiwepo kazi hukwama. Lililo bora zaidi, kwa maoni yangu, ni kuandika njia kamili ya faili ndani ya programu yenyewe.

Kama ni kompyuta ya mkononi, ondoa pia sharti, ambalo huwekwa tangu mwanzo, la kuanza pale tu inapotumia umeme wa ukutani.