Maswali na Majibu: Mchezo ukiisha, msikimbilie nyama choma

Barua nyingi safari hii zinahusu michezo ya kuiga biashara, ile ambayo kampuni huwachezesha wafanyakazi ili wajifunze kuongoza na kufanya kazi pamoja.

Ni programu gani bora ya kufunzia mameneja? (Westlands)

Swali hili haliishi kuletwa, na waulizaji hawasemi wanataka kufundisha nini. Mameneja wako hawajui kusoma hesabu? Wanaogopa kuamua? Idara hazielewani? Jibu hilo kwanza. Na usilipie programu yoyote kabla hujaicheza mwenyewe mwanzo hadi mwisho.

Tulicheza ule mchezo wa kreti za bia huko Naivasha. Tulishindwa vibaya, na hadi leo watu wa mauzo na wa ghala hawasemezani. Mchezo una kasoro? (Afisa wa rasilimali watu, Upper Hill)

Mchezo hauna kasoro, ila mliukatiza. Ulibuniwa karibu mwaka 1960 katika chuo cha MIT, Marekani, na kundi la Jay Forrester, na hauhitaji bia wala kompyuta. Kama kuna wasiopenda kutajiwa pombe, wekeni unga; hesabu ni zile zile. Wachezaji ni wanne: duka la rejareja, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda. Kila wiki ya mchezo kila mmoja anamwandikia oda aliye juu yake, na kuzungumza ni marufuku. Mzigo huchukua wiki kadhaa kufika. Kreti ikilala stoo inakugharimu nusu dola kwa wiki. Oda ukishindwa kuitimiza, dola nzima.

Sasa tazama. Mteja wa dukani hununua kreti 4 kwa wiki, kuanzia wiki ya 5 ananunua 8, na habadiliki tena. Mwenye duka anaona stoo inapungua, anaagiza 12. Wa jumla naye anaingiwa na hofu, anaagiza 20. Kiwandani zinafika oda za kreti 30 na zaidi, na mzigo unapowasili hakuna anayeutaka. Kila mtu anaapa kwamba mteja alikuwa kigeugeu. Kisha mwezeshaji anafunua karatasi ya mteja, watu wanaona 8, 8, 8 hadi chini, na kelele zote zinakatika. Somo linaanzia hapo: mpangilio wenyewe, wenye ucheleweshaji na ukimya, ndio uliowaharibia, na ungewaharibia hata mngebadilishana viti.

Ninyi, kwa maelezo yako, matokeo yalipotangazwa mlienda moja kwa moja kwenye nyama choma kwa sababu basi lilikuwa linaondoka. Watu wakarudi mjini na lawama tu. Hili linaniudhi sana, kwa sababu kampuni hulipia ukumbi, chakula na usafiri, kisha hunyima mazungumzo hata saa moja. Wakalishe tena ofisini. Bandika ukutani grafu za oda za wachezaji wote wanne, kisha uliza: kwetu sisi, habari za mauzo halisi hukwama wapi kabla ya kufika ghalani? Anayetaka kumtaja mtu, mwambie ataje hatua ya kazi.

Mkurugenzi wetu anataka kucheza nasi. Ni sawa? (Industrial Area)

Acheze, lakini asiongoze timu. Nimewahi kuona kijana wa uhasibu akigundua mapema kwamba pesa taslimu za timu yao zitaisha. Alipiga hesabu kwenye kona ya karatasi, halafu bosi alipoanza kuzungumza akaifunika kwa kiganja. Timu ikafilisika, na ile hesabu ilikuwa sahihi. Mkurugenzi apewe nafasi ya chini kabisa mezani, au akae pembeni na daftari, aandike nani alikatizwa na nani hakuulizwa kitu. Kwenye mjadala, azungumze wa mwisho.

Tunaweza kutumia alama za mchezo kupandisha watu vyeo? (Kilimani)

Hapana. Wakijua hivyo, hakuna atakayethubutu kujaribu jambo linaloweza kushindikana. Tena, alama hizo ni taarifa binafsi za watu: Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa haki ya kujua mnakusanya nini na kwa nini.

Nina duka la vipuri Kirinyaga Road na wafanyakazi saba. Sina pesa za mwezeshaji. (Msomaji)

Ndugu yangu, una kila kitu. Kata karatasi ziwe noti, gawa timu mbili, kila moja ipewe mtaji wa shilingi 200,000. Andika kadi za mambo unayoyajua: fundi anataka breki kwa mkopo, dola imepanda, mwenye jengo ameongeza kodi, mzigo umekwama Mombasa. Anayebeba mizigo awe tajiri wa duka, wewe uwe muuzaji wa kaunta. Kila raundi, uamuzi uandikwe kabla kadi haijafunuliwa, pamoja na sababu yake. Usipofanya hivyo, baadaye kila mtu atasema alijua. Mkimaliza, someni sababu hizo kwa sauti. Utasikia mambo kuhusu duka lako ambayo hawajawahi kukuambia.

NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, itaturudishia gharama? (Msomaji)

Inawezekana, kama mnalipa tozo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, mkufunzi amesajiliwa nao, na mliomba idhini kabla ya mafunzo. Ukienda na risiti baada ya siku yenyewe, umechelewa.