Kinga yangu ilikuwa msumarini

Ncha ya kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto, ilikwenda na msumeno wa meza saa kumi na moja jioni, kwenye ubao wa mwisho wa siku. Mafundi wenzangu walipokuja kunijulia hali, kila mmoja alisema yaleyale: "Ajali haina kinga, fundi." Nami nikaitikia. Kumbe kinga ilikuwepo, kile kifuniko cha msumeno. Ilining'inia msumarini ukutani, imeota vumbi, tangu siku nilipoifungua ili nipasue vipande vyembamba nikasema nitairudisha kesho.

Wengi hudhani anayeumia ni mwanagenzi. Mwanagenzi anaiogopa mashine, na woga ndio usalama wake. Mimi nilikuwa na miaka 18 kazini: mkono unaijua njia, akili iko kwa mteja anayekuja kuchukua kabati lake. Ubao ulijibana, meno ya nyuma ya msumeno yakauinua na kunirushia, na mkono uliokuwa umeukandamiza ukavutwa. Kile kisu kidogo kinachosimama nyuma ya msumeno kuzuia mbano nilikuwa nimekifungua pamoja na kinga. Msumeno wenye kipenyo cha milimita 250 ukizunguka mara 4,000 kwa dakika, jino lake hukimbia zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Hapo wepesi wa fundi haufui dafu. Nilichosikia kwanza ni mlio kubadilika, maumivu yalichelewa.

Siku hizi nasukuma ubao kwa kijiti. Nakichonga mwenyewe kwa mabaki ya plaiwudi, dakika tano tu. Kikiliwa na msumeno nachonga kingine. Kidole bado sijajua kukichonga. Glovu sivai kwenye mashine inayozunguka, hata ukiniona mzembe, maana ikinaswa mkono wote unafuata.

Vumbi nalo tunalichezea. Tunapulizana nguo kwa kompresa huku tukicheka, wakati IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lilishaliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1995. Leso puani haizuii ule unga laini. Tafuta barakoa ya kuchuja vumbi, inayobana uso vizuri.

Lakini vifaa si kazi. Kazi ni watu. Ukimwambia fundi mzee avae miwani mbele ya vijana wake, umeshampoteza. Mimi humwomba anisimulie makovu yake. Akifika la tatu, mwenyewe anaanza kuulizia miwani iko wapi.

Karakanani kwangu kinga ikifunguliwa hairudi ukutani. Inawekwa juu ya meza ya msumeno, waya wa umeme umechomolewa, ili atakayefuata asiweze kukata bila kuishika. Na ikigonga saa kumi na moja jioni, ubao wa mwisho unalala hadi asubuhi. Mteja akinuna, namwonesha kidole.