Macho yanayokauka usiku: tazama kope kabla ya kununua dawa

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 46, ni fundi cherehani hapa Tanga. Kila saa tisa za usiku naamka macho yanachoma kama yametiwa mchanga. La kulia ndilo baya zaidi. Nikilifungua kwa haraka nasikia kama linachanika. Dukani niliuziwa dawa ya matone, nikapata nafuu wiki mbili, kisha hali ikarudi. Sasa naambiwa nina macho makavu. Yatakuwaje makavu na mchana kutwa yananitoka machozi?

JIBU: Marahaba. Machozi si maji matupu. Yana ute unaoyashikisha jichoni, kisha maji, na juu yake utando wa mafuta unaozuia maji yasikauke. Jicho likikauka hukereka, na tezi humwaga maji kwa wingi ili kuliokoa. Maji hayo hayana ute wala mafuta ya kutosha, basi huteremka shavuni na kuliacha jicho kavu vilevile.

Usingizini machozi hupungua sana, na kinga ya jicho inabaki kuwa kope iliyofungwa barabara. Wapo ambao kope zao hazikutani wakilala, na hawajui mpaka waambiwe. Kwako tungeanzia hapo. Mwombe mtu wa nyumbani akutazame saa moja hivi baada ya kupitiwa na usingizi. Tochi ya simu aielekeze ukutani, si usoni, naye atazame kutokea upande wa kidevu, maana kwa juu kope huficha mwanya. Akiona ukanda mweupe, hata mwembamba kama uzi wa cherehani, chanzo kimoja kimejulikana.

Jicho la kulia kuzidi nalo lina maana. Angalia feni inapuliza kutoka upande gani na unalalia ubavu upi. Joto la Tanga hatuwezi kukwambia uzime feni. Ihamishe ipulize miguuni. Kama ni pangaboi la darini, sogeza kitanda ili kichwa kisiwe chini yake. Acha pia dawa ya mbu ya kuwasha, moshi wake hukera macho usiku kucha. Chandarua kinatosha, na hupunguza nguvu ya upepo.

Maumivu ya kuchanika yanatokea kwa sababu konea, kioo cha mbele ya jicho, imegandana na kope, na ukifumbua ghafla ngozi yake laini hubanduka. Kwa hiyo ukiamka usifumbue. Zungusha macho polepole yakiwa yamefumbwa, tia tone moja la machozi ya bandia (matone ya kulainisha macho) kwenye kona karibu na pua, subiri dakika moja, ndipo ufungue.

Dawa yenyewe: omba marhamu ya macho ya kulainisha, yenye parafini pekee, isiyo na antibiotiki. Nawa mikono. Kama unatumia matone pia, yatangulie, ungoje dakika 10. Vuta kope ya chini, weka kipande cha marhamu kama punje ya mchele bila ncha ya tyubu kugusa jicho, fumba. Utaona ukungu, kwa hiyo iwe kazi ya mwisho kabla ya kuzima taa. Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini yasiingie jichoni kamwe. Hayakutengenezwa kwa usafi huo. Mchana tumia machozi ya bandia yenye haipromelosi au karboksimethiliselulosi. Ukihitaji zaidi ya mara 4 kwa siku, tafuta yasiyo na kihifadhi (kemikali ya kuzuia dawa isiharibike), kwani kihifadhi chenyewe hukera konea.

Tafadhali soma lebo ya ile chupa ya matone uliyouziwa kwanza. Ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Wekundu hutulia upesi, lakini ikitumika bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya na kuleta mtoto wa jicho. Ipeleke kliniki ya macho, wakupime presha.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 63, Mombasa. Naamka na matongotongo makavu kwenye mashina ya nywele za kope, na kingo za kope zimevimba.

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Kwenye kingo za kope kuna tezi za mafuta. Mafuta hayo yakiwa mazima hutiririka kama mafuta ya kupikia. Tezi zikiziba, huganda kama mafuta ya nazi wakati wa kipupwe. Dawa yake ni joto. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto ambayo kifundo cha mkono kinayavumilia, kiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 10. Wengi hushindwa hapa: kitambaa hupoa baada ya dakika mbili, nao hawakichovyi tena. Kisha kanda taratibu, kope ya juu ukishuka, ya chini ukipanda, na ufute kingo kwa pamba yenye maji yaliyochemshwa na kupoa. Fanya asubuhi na usiku kwa wiki 4 kabla ya kuamua kama inasaidia. Ukitumia klorofeniramini ya mafua au amitriptilini ya sonona na maumivu ya neva, mweleze daktari. Zote hukausha macho.

SWALI: Je, asali au maziwa ya mama yanafaa?

JIBU: Hapana. Ya nyumbani hubeba vijidudu, na konea iliyochubuka huviingiza kwa urahisi. Kovu lake halifutiki. Ukiona doa jeupe kwenye jeusi la jicho, uoni umepungua, mwanga unauma, au kope haifungi baada ya uso kupooza upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukavu wa macho ukiandamana na mdomo mkavu na viungo kuuma, mwambie daktari yote matatu kwa pamoja.