Matumbawe yamejikunja? Geuza pampu

Ndugu yangu wa Njiro, Arusha, umeuliza kuhusu tangi lako la maji ya chumvi la lita 200, lenye pampu moja ya kusukuma maji ya lita 2,000 kwa saa: matumbawe laini yaliyo mbele ya pampu yamejikunja, kona ya pili uchafu umetuama. Shida ni mwelekeo. Mkondo ukimpiga tumbawe usoni mfululizo, nyama huchubuka, na kwa matumbawe magumu hadi mfupa mweupe uonekane.

Tumia pampu mbili za lita 1,500, kila moja upande wake, mikondo igongane katikati. Moja ielekeze juu kidogo, uso wa maji utikisike na kuingiza oksijeni. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, kwa hiyo oksijeni huyeyuka kidogo kuliko pwani. Minyiri (vidole laini vya tumbawe) ipepee huku na huku. Ikilala upande mmoja tu, geuza tena.

Na tafadhali, weka pampu ya hewa ya betri. Umeme ukikatika usiku, samaki ndio hutangulia kufa.