Je, mshauri wa fedha anapata dhambi kwa kumpangia mteja wake mirathi?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh wetu. Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kuwashauri watu kuhusu fedha na mali zao, na wateja wangu ni Waislamu na Wakristo. Wengi wananiomba niwapangie mali yao itakwendaje baada ya kifo, na mimi huandika mpango kwenye kompyuta, wao wakatia sahihi. Sasa nina mteja mmoja Mwislamu, mfanyabiashara wa malori ya Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, mwenye mke wa ndoa ya serikali na mke wa pili wa ndoa ya msikitini, watoto wa kiume wawili, binti mmoja, na ndugu zake ambao ni Waislamu. Mama yake mzazi yu hai naye ni Mkatoliki. Anataka nyumba yake ya Katuba, komini ya hapa mjini, iandikwe jina la mwanawe mkubwa ili ukoo usiiguse. Sheria ya Kongo inagawa kwa namna yake na Qur'ani kwa namna yake. Je, ninapata dhambi nikimpangia? Na ujira ninaopokea ni halali?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu muulizaji, kumsaidia mtu aandike wasia wake si dhambi, bali ni katika kusaidiana kwa wema, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema katika hadithi ya Ibn Umar iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba haimfalii Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale mausiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa na uko kwake. Dhambi inaingia pale kalamu yako inapotumika kuficha haki ya mtu. Kwa hiyo nitakujibu kwa kuanzia mahali ambapo washauri wengi hawaanzii, yaani kabla ya mafungu ya warithi.

Mirathi ni kile kilichokuwa mali ya marehemu peke yake, kikiisha kutolewa gharama za mazishi, madeni, na kile alichousia. Aya za kumi na moja na kumi na mbili za Suratun-Nisaa zinarudia maneno hayo kila baada ya fungu: baada ya wasia aliousia au deni. Dhuluma nyingi ninazoletewa hapa mjini hazitokani na mtu kukosea hesabu ya thumuni (moja ya nane) au sudusi (moja ya sita). Zinatokana na watu kugawana kitu ambacho hakikuwa cha marehemu, au kutogawana kilichokuwa chake kwa sababu hakuna aliyejua kipo. Mteja wako ana malori, na mwenye malori kwa kawaida ana mtaji wa mwenzake ndani yake, ana fedha za watu waliompa awanunulie mzigo ng'ambo ya mpaka, ana mafundi na madereva wanaomdai. Mkewe huenda alitoa fedha za biashara yake ya sokoni ili lori la kwanza lipatikane, na fedha hizo, ikiwa hakuzitoa kama zawadi, ni deni au ni ubia. Si mirathi, na akipewa thumuni tu basi amegawiwa mali yake mwenyewe. Mahari ambayo haijamalizika ni deni. Zaka iliyosahaulika kwa miaka ni deni pia, kwa kauli ya Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii. Jambo la kwanza unalotakiwa kumfanyia mteja huyu, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, ni kumkalisha aandike kilicho chake, kilicho cha mkewe, kilicho amana, anachodai na anachodaiwa, kwa majina na kwa tarehe. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara inaamrisha deni liandikwe hali wenye deni wako hai. Je, itakuwaje pale mmoja akiwa kaburini?

Hapa sheria ya nchi haiko mbali na tunachokisema. Kanuni ya Familia, yaani sheria nambari 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inahesabu kwamba wanandoa wasiochagua mfumo mwingine wanashirikiana katika mali waliyochuma ndani ya ndoa, hivyo mmoja akifa, sehemu ya aliyebaki hutolewa kwanza. Sisi hatusemi kwamba ndoa peke yake inazaa ubia wa nusu kwa nusu, lakini nani anaweza kukataa kwamba mke aliyechangia ana haki yake? Kazi yako ni kumfanya mume aitaje haki hiyo kwa kiasi chake, asiwaachie majaji na mashemeji kubahatisha.

Ama nyumba ya Katuba, mwambie mteja wazi kwamba kuna mambo mawili tu. Ama anampa mwanawe nyumba kweli kweli, ama anatumia jina lake kama pazia. Ikiwa anampa, basi ni hiba, yaani zawadi, na hiba haitimii mpaka ikabidhiwe mwenyewe akiwa mtoaji yu hai na mzima. Abu Bakr alipompa bibi Aisha mazao ya mitende wasaki ishirini (wasaki ni kipimo cha kale cha mazao), naye hakuyachukua mpaka babake akashikwa na maradhi ya kifo, alimwambia kwamba leo hayo ni mali ya warithi. Tena hiba kwa mtoto mmoja huwafuata wenzake, kwa hadithi ya Nuuman bin Bashir, ambaye babake alipotaka kumpa yeye peke yake aliambiwa: mcheni Mwenyezi Mungu na fanyeni uadilifu baina ya watoto wenu. Kwa hiyo wadogo wa kijana huyo, binti akiwemo, wapewe cha kulingana. Na ikiwa ni pazia tu, basi nyumba bado ni ya baba na itaingia mirathini, lakini hati itasema vingine. Wewe unajua kuliko mimi kwamba chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1973 hati ya usajili ikipita miaka 2 inakuwa haipingwi tena kwa urahisi. Ujanja uliokusudiwa kuwazuia wajomba na wapwa utamfanya kijana mmoja awanyime mama zake na dada yake kwa karatasi uliyoitayarisha wewe. Usiiandike. Naielewa hofu yake, kwani katika koo zetu za huku zinazofuata upande wa mama, kama Wabemba na Walamba, wapo bado wanaofika msibani na kumtoa mjane nje. Dawa ya hofu hiyo ni wasia halali wenye msimamizi aliyetajwa kwa jina, yaani likidateri kama tunavyomwita hapa.

Nimeona pia katika swali lako jambo ambalo wengi hawalijui: wasia unaopigwa kwenye kompyuta na kutiwa sahihi tu hausimami kwa sheria ya Kongo kama wasia wa mkono. Wasia wa mkono unatakiwa uandikwe wote na mkono wa mwenye kuusia, uwe na tarehe na sahihi yake. Asiyeweza kuandika, au asiyetaka shaka, aende kwa notari au kwa afisa wa eta sivili, anayeandikisha vizazi, ndoa na vifo, wa komini yake. Nasi tunaongeza mashahidi wawili waadilifu, kwa aya ya 106 ya Suratul-Maida.

Sasa tuje kwenye mafungu. Tuseme mali yake, baada ya madeni na amana kutoka, ni dola 48,000. Sheria ya nchi inawapa watoto robo tatu kwa usawa, yaani 12,000 kila mmoja, na robo inayobaki inakwenda kwa makundi matatu, mke wa serikali, wazazi na ndugu wa marehemu, kila kundi moja ya kumi na mbili, yaani 4,000. Mke wa pili hana kitu, kwa sababu sheria haimjui. Katika sharia yetu mama huyu harithi kwa tofauti ya dini, na ndugu wanazuiwa na watoto wa kiume. Lakini wote hao, kwa kuwa si warithi, wanaweza kuusiwa ndani ya theluthi, ile sehemu moja ya tatu ya mali ambayo mtu anaruhusiwa kuiusia, na Saad bin Abi Waqqas aliambiwa kwamba theluthi nayo ni nyingi. Angalia basi: fungu la mama na fungu la ndugu kwa sheria ni 8,000 jumla, sudusi tu ya mali. Mteja akiwausia kiasi hicho hicho, sheria na dini zimekutana, na mama mzazi Mkatoliki hakuachwa mikono mitupu na mwanawe, jambo ambalo lingekuwa aibu kwetu.

Zinabaki 40,000. Wake wawili wanashirikiana thumuni, 5,000, kila mmoja 2,500. Watoto wana 35,000: kila mwana 14,000 na binti 7,000. Ukilinganisha, watoto kwa jumla wamepewa na sheria 1,000 zaidi na mke wa kwanza 1,500 zaidi, na jumla ya hizo ni 2,500 kamili, haki ya mke wa pili ambaye sheria haikumwona. Basi mume amwandikie kiasi hicho katika wasia. Msije mkaniambia kwamba hakuna wasia kwa mrithi; hapa wasia ni chombo cha kumfikishia fungu lake la Qur'ani, haumzidishii kitu. Lakini kumbuka kwamba sheria hairuhusu robo tatu ya watoto ipunguzwe kwa wasia kwa faida ya mtu mwingine, kwa hiyo cha mke wa pili kitoke katika ile robo, na watoto waambiwe wazi na baba yao akiwa hai kwamba ile 1,000 waliyozidishiwa wairudishe kufidia robo hiyo.

Kuhusu binti anayepata 12,000 kwa sheria badala ya 7,000, huwezi kuandika karatasi itakayombana mahakamani, wala mimi sitakuambia ujaribu. Kilichozidi ni haki ya wengine mbele ya Mwenyezi Mungu, arudishe kwa hiari, na kaka zake watu wazima wakimwachia fungu lao hakuna ubaya wowote. Mtoto ambaye hajabaleghe hasamehi haki yake, na hakuna wa kumsamehea.

Mtoto wa kulea harithi kwetu, lakini aingizwe katika theluthi, iliyo na nafasi bado. Pensheni ya warithi inayotoka CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inakwenda kwa wale waliotajwa na kanuni zake, haigawiwi kama mirathi. Riba iliyomo katika akaunti haiwi mali ya warithi. Wachukue mtaji, kilichozidi watoe kwa mafukara.

Wateja wako Wakristo uwapangie kwa sheria ya nchi na kwa wanavyotaka wao ndani yake. Hukukalifishwa kuwahukumu kwa mafungu yetu, ila ukiona mmoja anataka kumfukuza mjane kwa hila, jiondoe, kwani dhuluma ni haramu kwa kila mtu.

Ujira wako ni halali ukiwa umetajwa kabla ya kazi na unalipwa na mteja kwa kazi uliyofanya. Usijiwekee asilimia ya kile kitakachorithiwa, kwani kiasi chake hakijulikani, na itakuwa faida kwako madeni yakipungua katika daftari. Usiwe shahidi wa wasia ambao ndani yake umetajwa kupata kitu. Na ikiwa kampuni inakulipa kamisheni ili umuuzie mteja akaunti au bima fulani, mwambie mteja kiasi unacholipwa kabla hajatia sahihi.