Maswali ya Wasomaji: Kiamsha Kinywa Hotelini, Asubuhi Yenye Watu Wengi

Barua za mwezi huu zimenijia kutoka Kisumu, Nakuru, Kakamega na Bungoma, na karibu zote zinahusu mlo wa kwanza wa siku unaoliwa hotelini. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa ndani yake mna mambo ambayo wateja wengi huyaona kwa macho bila kuyajua chanzo.

Swali: Mhariri, pokea salamu zangu. Jumamosi moja nilimpeleka mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Siaya, katika hoteli moja ya hapa mjini Kisumu inayosifiwa kwa kiamsha kinywa. Tuliketi saa mbili na dakika kumi. Niliagiza chai ya maziwa, mayai ya kukaanga, soseji, na viazi vitamu vya kuchemsha kwa sababu mama hapendi mkate. Chai ililetwa mapema, lakini chakula kilitufikia saa tatu na dakika tano, wakati watu wa meza mbili waliotukuta pale walikuwa wameshakula na kuondoka. Mayai yalikuwa baridi na kingo zake zimekauka. Nilipomuuliza mhudumu, alinijibu, “Pole madam, leo watu ni wengi.” Mama alinishika mkono akaniambia niyaache, akala kimya, nami nikalipa shilingi 1,150. Tangu siku hiyo sina raha. Je, nilipaswa kukataa kulipa? Na je, wingi wa watu ni sababu ya kweli? *Mwalimu, Kisumu*

Jibu: Mwalimu, umetaja jambo dogo linaloeleza karibu kila kitu: kingo za mayai zilizokauka. Yai la namna hiyo halikuchelewa kupikwa. Lilipikwa, likatiwa kwenye sahani, kisha likawekwa kwenye dirisha la jikoni likingoja. Nilifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Nakuru kwa miaka tisa kabla sijaanza kuandika safu hii, na sahani za aina hiyo nimeziona zaidi ya ninavyoweza kuhesabu.

Asubuhi, vyakula vingi vya hotelini huwa tayari kabla mteja hajaingia. Chai imeshachemshwa na kutiwa kwenye chupa, mandazi yamekaangwa tangu alfajiri, chapati zimepangwa na kufunikwa, maharagwe yako motoni, na nduma na viazi vitamu vimo ndani ya sufuria kubwa. Mayai ndiyo yanayopikwa upya kwa ajili ya kila mtu, kwa namna yake: huyu anayataka yameiva kabisa, yule anataka kiini kilegee, mwingine anataka yachanganywe na vitunguu na nyanya. Kwa hiyo maagizo ya meza zote yanakuja kukutana kwenye kikaango kimoja na mbele ya mpishi mmoja. Wale waliowakuta mezani wakala kabla yenu huenda waliagiza chapati na maharagwe, chakula ambacho hakipiti kwenye kikaango hata kidogo. Ninakuambia haya ili usibaki ukidhani kwamba mhudumu alikutazama wewe na mama yako akaona ninyi si watu wa kuharakishiwa. Maumivu ya kudhani umedharauliwa mbele ya mzazi ni makubwa kuliko ya njaa, na sioni dalili kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kilichowaponza, kwa maoni yangu, ni viazi vitamu. Sahani yenu ilihitaji vitu kutoka pembe mbili za jiko. Mpishi wa mayai alimaliza kazi yake, akaisukuma sahani dirishani na kugeukia agizo lililofuata. Mpakuaji wa viazi naye pengine hakuona karatasi ya agizo lenu, au aliiona lakini sufuria ilikuwa imekwisha na nyingine haijaiva. Mhudumu alikuwa sebuleni akiandika maagizo ya meza nyingine tatu kwa mkupuo mmoja. Hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kusimama dirishani, kuitazama sahani inayopoa na kuuliza, “Hii ni ya nani, na imepungukiwa na nini?”

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Wingi wa watu ni kweli, lakini si udhuru. Jumamosi huja kila wiki, na mwenye hoteli inayosifiwa mjini anajua wateja watajaa saa mbili kama anavyojua jua litachomoza. Jambo linalojulikana tangu juzi huandaliwa. Angeweza kumweka mtu mmoja dirishani kuanzia saa moja hadi saa nne, kuisogeza sufuria ya viazi karibu na mpishi wa mayai, na kuzipasha moto sahani kabla ya kupakua. Na kama kikaango hakitoshi, mhudumu angewaambia ukweli mlipokuwa mnaagiza: “Mama, mayai yatachukua karibu dakika arobaini, lakini chapati zipo sasa hivi.” Hapo mngechagua wenyewe. Mteja aliyeambiwa mapema husubiri kwa moyo mkunjufu, ilhali asiyeambiwa huhesabu kila dakika.

Kuhusu kukataa kulipa, sikushauri hivyo, na sababu yangu si woga. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo, na haki ya kulipwa fidia anapopata hasara kwa sababu ya kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Haki hizo ni zako hata kwenye meza ya chai. Hata hivyo, mtu aliyekula chakula chote kisha akakataa kulipa huonekana kama aliyekikubali, na mabishano ya kwenye kaunta hayamfai, hasa akiwa na mgeni. Wakati wa kusema ni mara tu unapogusa chakula na kukiona kina kasoro. Iache sahani kama ilivyo, mwite mhudumu, mwambie, “Mayai haya yamepoa, naomba yapikwe mengine, au yaondolewe kwenye bili.” Akishindwa, muulize ni nani meneja wa zamu. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kufuta bei, na mhudumu mara nyingi hana.

Najua utaniuliza: na mama je? Ulifanya vyema kumsikiliza. Mzazi aliyesafiri kuja kukuona hataki kusikia mwanawe akizozana na watu kwa ajili ya yai, na kwake pengine kuketi nawe ndiko kulikokuwa chakula chenyewe. Lakini ungeweza kuinuka kana kwamba unakwenda kunawa mikono, ukazungumza na meneja kando ya kaunta kwa sauti ya chini, kisha ukarudi mezani. Mama asingesikia neno, na sahani mpya ingefika.

Bado hujachelewa. Kama risiti unayo, rudi siku ya kazi mnamo saa nne au saa tano, kiamsha kinywa kikiwa kimekwisha na wa mchana hawajaanza kuingia. Mweleze meneja siku, saa mliyoketi, saa mliyohudumiwa na mlichoagiza. Usidai shilingi 1,150 zote, kwa sababu chai mlikunywa na ilikuwa nzuri. Omba bei ya mayai, au mlo mwingine kama huo siku mama atakaporudi. Mameneja niliofanya nao kazi walimheshimu sana mteja anayekuja na saa na dakika kuliko anayekuja na hasira, kwa maana wa kwanza amewaonyesha mahali pa kurekebisha.

Nikuondoe wasiwasi kuhusu afya pia. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe nje kwa zaidi ya saa mbili, na kile kinachosubiri kuliwa kiwekwe kwenye joto linalozidi nyuzi 60 za Selsiasi. Mayai yenu yalingoja kwa muda unaopungua saa moja. Hayakuwa hatari kwa mama. Yalikuwa tu chakula ambacho hakikustahili kuletwa mbele yake.

Swali: Ninakula kiamsha kinywa Nakuru karibu kila siku ya kazi. Kuna hoteli ambayo bei za kwenye menyu si zile ninazozikuta kwenye bili, kwa sababu kodi huongezwa mwishoni. Pia nimezoea kumwongezea mhudumu shilingi 50 ninapolipa kwa M-Pesa. Juzi aliniambia hajawahi kuziona. *Msomaji, Nakuru*

Jibu: Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 16, na hoteli inayopaswa kusajiliwa ni ile ambayo mauzo yake yanayotozwa kodi yanafikia shilingi milioni 5 kwa mwaka. Upo pia ushuru wa utalii wa asilimia 2 unaokusanywa kutoka kwa hoteli na mikahawa inayohusika. Kwa hiyo tozo zenyewe zinaweza kuwa halali. Kisichopendeza ni mteja kukutana nazo baada ya kushiba. Muulize keshia kabla ya kuagiza kama bei za menyu zimejumuisha kila kitu, na kama hazijajumuisha, waombe waandike hivyo juu ya menyu yenyewe kwa herufi zinazosomeka.

Shilingi 50 zako zimekuwa zikiingia kwenye akaunti ya hoteli pamoja na bei ya chakula. Hoteli nyingine huzitenga jioni na kuwagawia wahudumu, nyingine hazina utaratibu huo. Ukitaka bakshishi imfikie aliyekuhudumia, mpe mkononi.

Swali: Mimi ni mhudumu katika hoteli moja mjini Kakamega. Asubuhi wateja hutuita kwa kupiga meza au kwa mluzi. Hilo nimelizoea. Linaloniumiza ni kwamba mteja akirudisha chakula kikiwa kimepoa, au akiondoka bila kulipa, mwajiri hukata pesa hizo kwenye mshahara wangu. Je, ni haki? *Dada wa Kakamega*

Jibu: Dada, nimeisoma barua yako mara kadhaa, na ningependa Mwalimu wa Kisumu naye aisome, kwa kuwa huenda yule aliyemjibu “watu ni wengi” alikuwa akiogopa jambo hilihili. Mhudumu anayejua kwamba sahani itakayorudishwa ataigharimia yeye hataomba radhi kwa moyo mweupe, wala hatakimbia kumwita meneja. Atajitetea. Hivyo makato hayo yanawaumiza ninyi na wateja wenu kwa pamoja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, imeorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyafanya. Kwa mali iliyoharibika au kupotea, anaweza kukata kiasi cha haki pale ambapo hasara imetokana na kosa alilolifanya mfanyakazi kwa makusudi. Yai lililopoa dirishani si kosa lako la makusudi, na mteja aliyetoroka kupitia mlango wa nyuma wewe ukiwa jikoni si kosa lako pia. Yapo makato mengine kwa anayeshika fedha, pesa zikipungua kwa uzembe au udanganyifu wake, lakini hayo yanamhusu yule ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Soma mkataba wako ujue kama wewe ni mmoja wao. Tena makato yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara.

Anza kwa kuandika. Weka daftari lenye tarehe, kiasi kilichokatwa na sababu uliyopewa. Zungumza na mwajiri ukiwa pamoja na wenzako wawili au watatu, si peke yako, na asiposikia, mpelekee daftari hilo afisa wa kazi wa serikali katika kaunti yenu. Na kuhusu mluzi, mimi siwezi kukuambia uendelee kuuzoea. Wateja wanaosoma safu hii, mhudumu ana jina, na mara nyingi limeandikwa kifuani. Asiyeliona aseme “dada” au “ndugu”, na ataitikiwa.

Swali: Mke wangu ni mjamzito na kila tukila hotelini hapa Bungoma huagiza mayai ambayo kiini chake hakijaiva. Je, kuna ubaya? *Mume, Bungoma*

Jibu: Upo. Mayai mabichi au yasiyoiva vizuri yanaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na homa na kuhara kunakoletwa nao ni kuzito zaidi kwa mama mjamzito. Aagize mayai ya kuchemsha, au ya kukaanga yaliyogeuzwa pande zote mbili hadi kiini na ute vigande kabisa. Amwambie mhudumu wakati wa kuagiza, neno hilo liandikwe kwenye karatasi inayokwenda jikoni, na sahani ikifika alipasue yai kwa uma kabla ya kula. Likimwaga kiini, alirudishe lipikwe tena.