Poliamine za algi za Kivu kwa memuari

Mdogo wangu wa Bukavu, unauliza kama mu memuari yako (kazi ya kumaliza chuo) unaweza kutenganisha makundi ya algi (vimea vidogo vya maji) za Ziwa Kivu kwa poliamine zao tu, ni kusema kemikali ndogo zenye nitrojeni zenye viumbe vinatengeneza. Zitakusaidia, lakini peke yake apana.

Poliamine za kawaida, putresini na spermidini, ziko karibu kila mahali, usizitegemee sana. Angalia zile za pekee: sianobakteria (bakteria zenye zinaishi kwa mwangaza sawa algi) za kushika nitrojeni ya hewa sawa Anabaena na Nostoc ziko na homospermidini mingi, lakini Spirulina njo spermidini, kwa hiyo hata mu kundi moja haziko sawa. Norspermidini utaikuta kwa Chlamydomonas, algi ya kijani, ila Euglena, yenye ni ya kundi lingine, pia iko nayo, basi ukiiona usikimbilie kusema ni algi ya kijani!

Diatome, algi zenye gamba sawa kioo, njo zinanifurahisha zaidi juu ziko na poliamine za mnyororo mrefu zenye zinasaidia silika (kitu cha kutengeneza kioo) kugandamana na kujenga ile gamba yao, na zingine zinabakia ndani kabisa ya gamba, ukitumia asidi ya kawaida hauzitoi zote. Asidi hidrofloriki inayeyusha gamba lakini ni hatari sana, tafazali usiiguse kama labo yenu haina vifaa vyake. Diatome chota wakati wa kiangazi, upepo unachanganya maji na zinaongezeka.

Na usipime maji ya ziwa vile vile, bakteria nazo ziko na poliamine. Tenga aina moja moja, zikuze safi, uvune zote mu umri moja juu kiasi kinabadilika na umri na chakula, halafu kromatografi (njia ya kutenganisha kemikali moja moja), na darubini pembeni kila mara.